Mizani Inayomfukuza Karani Mwema

Wamo katika nyumba zetu vijana wakaao dirishani mwa benki na nyuma ya meza za maduka, nao hupimwa kazi yao kila mwaka. Kupimwa si vibaya. Lakini hupimwa kwa mizani gani?

Itazameni Wells Fargo, benki kubwa ya Marekani. Karani wake alipimwa kwa wingi wa huduma alizouza, na shabaha ilikuwa kila mteja awe nazo nane. Haikuulizwa kama mteja alizihitaji. Mwenye kumwambia mzee, "Hii haikufai," alipungukiwa hesabu na kutishwa kufukuzwa. Aliyemfungulia mtu akaunti kwa siri, pasipo idhini yake, aliandikwa kuwa ametimiza. (Nami chuoni nimeyaona: mtoto ahesabiwaye kurasa tu huziruka herufi.) Waaminifu wakachoka, wengi wakaacha kazi. Septemba 2016 benki ikatozwa dola milioni 185, ikathibitisha kwamba watu 5,300 hivi walikuwa wameachishwa kazi kwa udanganyifu huo, na mwezi uliofuata ikayafuta malengo yale ya mauzo.