Miguu ya Asimamaye Kutwa

Wapo mabwana wa maduka waaminio kwamba mwuzaji aketiye ni mvivu, na kwamba heshima ya duka ni kumwona mtumishi amesimama wima tangu mlango ufunguliwapo hata ufungwapo. Jioni mtumishi huyo avuapo viatu, hukuta alama ya soksi imechimba nyamani, na akiubonyeza muundi kwa kidole gumba, pabaki shimo. Nyumbani wataambizana kuwa ni uchovu. Wengine, kwa bahati mbaya, watasema amekanyaga kitu alichotegewa. Yafaa tueleze jambo lenyewe lilivyo.

Damu kushuka mpaka vidoleni si kazi ngumu. Taabu ni safari ya kurudi, ambayo kwa mtu mzima aliyesimama hupita mita moja ya kupanda. Ndani ya mishipa ya kurudishia damu mna vilango vidogo vifungukavyo upande mmoja tu. Fabricius, mwalimu wa Padua, alivieleza mwaka 1603, na mwanafunzi wake, William Harvey, akavitumia katika kitabu chake cha mwaka 1628 kuonyesha kwamba damu huzunguka. Lakini vilango huzuia tu, havisukumi. Kisukumacho ni shavu la mguu: kwa kila hatua misuli yake hukaza na kuikamua mishipa, damu ikapanda. Mtu asimamapo kimya, msukumo wa damu katika mishipa hiyo karibu na kifundo hufika kama milimita 90 za zebaki. Atembeapo, hushuka hata kufikia 30 au chini yake. Damu ikirundikana, maji yake huvuja kutoka vishipa vyembamba na kutuama chini ya ngozi. Na miaka ikipita hivyo, vilango vyaweza kulegea, mishipa ikatuna na kujipinda kama mizizi.

Wala mtu asidhani kwamba dawa ni kuketi tu. Mwaka 1940, London ilipokuwa ikipigwa mabomu, wakazi wengi walikesha wameketi katika mahandaki, juu ya viti vya turubai ambavyo mti wake wa mbele huyabana mapaja kwa chini. Daktari Keith Simpson aliandika mwaka huo huo habari za waliokufa ghafula kwa damu iliyoganda miguuni ikapanda hata mapafuni. Dereva wa safari ndefu na karani wa ofisi na walikumbuke hilo.

Kifaacho ni kubadili mkao. Asimamaye ainue visigino na kuvishusha mara kwa mara. Aketiye ainuke kila baada ya muda, atembee hatua chache. Na wakati wa kupumzika alale chali, miguu ikiwa juu kuliko moyo, kwani kuiegemeza juu ya kigoda huku umeketi hakutoshi. Lakini mguu mmoja ukivimba ghafula, tena una maumivu na joto, aende hospitali siku ile ile. Kadhalika uvimbe usiopungua hata asubuhi, maana waweza kutoka katika moyo au figo. Au ni matende, ambayo huletwa na minyoo ienezwayo na mbu.

Sasa tuje kwenye kiti. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1899 kwamba pasikosekane kiti kimoja kwa kila wauzaji watatu wa kike. (Wanaume, inaonekana, walidhaniwa kuwa na miguu ya chuma.) Mkataba namba 120 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1964, wataka viti vya kutosha viwekwe, tena wafanyakazi wapewe nafasi ya kuvitumia, maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito, kwa maana kiti kikatazwacho ni pambo. Huko Kerala, India, wanawake wa maduka ya nguo walidai haki hiyo miaka kadhaa kabla ya kuipata kwa sheria mwaka 2018. Tamil Nadu ikafuata mwaka 2021.

Ndugu wanachama wa matawi ya wafanyakazi na watuandikie: ni maduka mangapi ya mtaani kwao yenye kiti nyuma ya meza ya kuuzia, na ni nani aruhusiwaye kukikalia?