Mkaguzi wa Ndani Ndiye Anayetafutwa

Mhitimu wa kilimo hai akiulizwa anajua nini, mara nyingi huanza na mboji, mwarobaini na mzunguko wa mazao. Hayo ni ya msingi, na asiyeyajua asiombe kazi. Lakini mwajiri anayenunua kahawa ya maganda kwa wakulima wadogo wa Kagera ili aiuze Ulaya anahitaji zaidi mtu wa kukagua shamba na kuandika alichokiona, mgeni akisoma aamini. Kahawa hai haina sura yake; ikichanganywa na nyingine, hakuna jicho litakaloitenga. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2018/848, iliyoanza kutumika Januari 2022, inawaruhusu wakulima wadogo kupata ithibati kwa vikundi vya watu wasiozidi 2,000, ilimradi kila mwanachama akaguliwe na kikundi chenyewe walau mara moja kwa mwaka. Wakaguzi wa nje hurudia angalau asilimia 5. Katika kikundi cha watu 2,000 hao ni 100. Wale 1,900 wanaweza kumaliza mwaka wakitegemea neno la mkaguzi wa ndani. Akikosea yeye, hati inaweza kusimamishwa kwa wote, hata kwa mama ambaye hajagusa kiuatilifu maisha yake yote.

Wapo watakaosema hiyo ni kazi ya karani. Karani huandika anachoambiwa. Mkulima mwenye mibuni 150 akileta kilo 900 za maganda, karani atapima na kukata stakabadhi. Aliyesomea mimea atagawa, apate kilo 6 kwa kila mbuni, akumbuke mibuni ile mizee iliyosongwa na migomba, kisha aulize nyingine imetoka kwa nani. Ataona pia majani yaliyokauka upande mmoja tu wa shamba, ule unaopakana na jirani anayepulizia dawa ya magugu.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba kazi hii inamgeuza mtaalamu kuwa askari. Ni kweli, hatari hiyo ipo: mkulima anayemwogopa mkaguzi ataficha pampu nyuma ya zizi, na fomu itatoka safi. Ndiyo maana kujua kumwamkia mzee, kuketi naye na kumsikiliza ni ujuzi wa kitaalamu kabisa. Chuo kinaweza kuufundisha: kimpeleke mwanafunzi shambani na fomu tupu, na wiki inayofuata kimpeleke mwenzake shamba lilelile, kisha fomu mbili zilinganishwe mbele ya darasa.