Telefone ndani ya ndege: mtu wa mugodi anajua sababu



Wengi wetu tunapanda ndege Lubumbashi–Kinshasa, kwa matanga ao kwa masomo ya watoto. Hotesi akisema tutie telefone kwenye «mode avion», kuko wenye kucheka: telefone moja itaangusha ndege namna gani?

Ni kweli, moja haiangushi ndege. Lakini ile sheria, sisi tunaijua. Tukipiga baruti kwa detonateri za umeme, nani anakaribia na radio ao telefone? Hakuna. Telefone inatupa mawimbi hata kama hauongei, na waya inaweza kuyapokea. Ndani ya ndege, telefone inatafuta antena ya chini. Ikiona iko mbali, inaongeza nguvu. Piloti anaweza kusikia trrr-trrr katika ekutere zake, wakati mnara unamupa amri ya kutua. Neno moja likimupita, ni hatari kwa wote. «Mode avion» inakata mawimbi yale. Muziki na picha vinaendelea.

Kisha, batri. Batri nyingi za telefone ziko na kobalti, ile tunachimba Kolwezi. Batri ikibonyezwa ao ikiharibika, inaweza kujichoma yenyewe. Tarehe 28 Januari 2025, ndege ya Air Busan iliwaka moto uwanjani Busan, Korea ya Kusini, mbele ya kuruka. Watu wote 176 walitoka hai. Moto ulianza mahali pa kuweka mizigo, juu ya viti. Wachunguzi walisema pawabanki njo inaonekana kuwa chanzo.

Basi tushike haya:

– Pawabanki haiendi katika valizi za chini ya ndege: kule hakuna mutu wa kuona moshi. Ubebe mukononi, isipite watt-saa 100. Ile ya mAh 20 000 iko karibu 74.

– Telefone yenye batri iliyovimba, uiache nyumbani.

– Telefone ikianguka katikati ya viti, usisogeze kiti, kisiiponde. Ita hotesi.

– Ikitoa moshi ao joto kali, usiifiche kwa haya, wala kwa kuogopa kunyanganywa. Sema palepale.

Mugodini, mwenye kunyamazia baruti iliyokataa kulipuka anaweza kuua wenzake wa zamu inayofuata. Ndani ya ndege, zamu inayofuata hakuna: wote tuko pamoja.