Regyuleta ya gesi si ya kuchokonoa

UKIVUKA daraja la mfereji wa Kazinga kuelekea Kasese, harufu ya samaki wa kukaanga hukupokea Katunguru. Hapo nilimkuta kijana, aliyerudi nyumbani kama mimi, amefungua regyuleta ya mtungi wake wa gesi, anakaza springi kwa bisibisi.

“Mwalimu, moto ni mdogo na abiria hawangoji,” alinieleza.

Ndani ya kifaa hicho mna kiwambo cha mpira na springi. Hivyo viwili hupunguza msukumo wa gesi ya mtungini hata zaidi ya mara 100 kabla haujafika jikoni. Springi ikikazwa mno, jiko na mpira wake hubebeshwa msukumo vasioweza kuuhimili. Gesi ikivuja hutulia chini, maana ni nzito kuliko hewa, ikingoja cheche.

Mara nyingi moto hufifia kwa kuwa tundu la jiko limeziba. Lisafishe kwanza. Ukihitaji moto mkali, nunua jiko, mpira na regyuleta vya kazi hiyo. Ukinunua ya mitumba Bwera, ikatae iliyokwisha kufunguliwa. Pakaa maji ya sabuni kwenye viungio. Yakitoa povu, funga mtungi.

Tuliorudi tulianza na mtaji mdogo. Tusiuchome kwa bisibisi.