Kuchora na Kupiga Picha: Kazi Mbili, Jicho Moja

Mtu akaaye katika nyumba ya mabati huko Kibera au Kawangware, mjini Nairobi, aweza kuona ajabu moja bila kulipa hata senti. Mchana, jua likiwaka, na afunge mlango na dirisha, aache tundu moja tu la msumari. Macho yakiisha kuzoea giza, huenda akaona juu ya ukuta ulio mkabala na tundu hilo sura ya mambo ya nje: paa la jirani, mti, na watu wapitao, vyote miguu juu, kichwa chini. Sababu ni kwamba mwanga husafiri kwa mstari ulionyoka. Ule utokao juu huingia tunduni ukaangukia chini, na ule utokao chini huangukia juu. Chumba cha namna hiyo ndicho asili ya kamera, na neno lenyewe katika Kilatini maana yake ni chumba.

Zamani wachoraji wa Ulaya walitumia masanduku yenye giza kama hayo, wakiifuatisha sura kwa kalamu. Mwaka wa 1833 Mwingereza mmoja, Bwana William Henry Fox Talbot, alikuwa kando ya ziwa Como, nchi ya Italia, akijaribu kuchora mandhari kwa msaada wa chombo cha kioo. Michoro yake haikumridhisha hata kidogo. Ndipo alipowaza kama yamkini mwanga wenyewe uchore juu ya karatasi iliyotiwa dawa. Mwaka wa 1835 alipata picha ya dirisha la nyumba yake. Basi yafaa ijulikane ya kwamba upigaji picha ulizaliwa na haja ya kuchora.

Watu wengi hudhani kamera imemwondolea mtu taabu ya kujifunza kuchora. Mkono umepumzika, ni kweli, lakini jicho bado lina kazi ile ile. Mchoraji hujifunza mwanga unatoka upande gani, kipi ni kikubwa kuliko kipi, na kipi kiachwe nje ya karatasi. Mpiga picha naye hana budi kuyajua hayo kabla ya kubonyeza. Bwana Henri Cartier-Bresson, mpiga picha mashuhuri wa Ufaransa, alifundishwa kwanza uchoraji, na uzeeni akairudia kalamu yake.

Kazi hizi husaidiana pia mitaani. Fundi wa mabango atakaye kuchora kichwa juu ya ukuta wa kinyozi aweza kuchukua picha ndogo, akaigawa kwa miraba, akachora miraba mikubwa ukutani, kisha akaihamisha sura mraba kwa mraba. Katika Kibera, mafundi wawili wa mabango, Otieno Gomba na Otieno Kota, walianzisha mwaka wa 2001 kikundi cha wasanii kiitwacho Maasai Mbili.

Mwaka wa 2009 Mfaransa ajulikanaye kwa herufi JR, aliyeanza ujanani kwa kuchora kutani, alitandaza picha kubwa za macho na nyuso za wanawake wa Kibera juu ya mapaa yao. Picha hizo hazikupitisha maji, hata zikawa kinga ya mvua. Macho mengine yalibandikwa juu ya gari moshi, na midomo kwenye mabati ya mteremko ulio chini ya reli, ili gari lipitapo uso ukamilike. Jambo hilo lilitaka vipimo vya mchoraji.

Wako wasemao picha haidanganyi. Lakini mwenye kamera akielekea mtaroni atapata taka. Akigeuka, atapata fundi cherehani na watoto waendao shule. Zote mbili ni kweli, ila mgeni wa mbali ataonyeshwa moja, na kwa hiyo moja atauhukumu mtaa mzima. Achaguaye mpaka wa picha amechagua sifa ya watu.

Kwa hiyo yawafaa vijana wa Kibera na Kawangware kulifunza jicho wao wenyewe. Kalamu ya risasi na daftari havina gharama kubwa. Kijana na achore kila siku sufuria iliyo mlangoni, atazame kivuli chake asubuhi na jioni. Haba na haba hujaza kibaba. Na siku atakaposhika kamera, hata ile ya simu, atajua aielekeze wapi, na kwa nini.