Fahamu: Je, kijana wa kikapu anaiweza presha?
Kwetu Lubudi, swali hili lina jibu la karibu: Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi. Aprili 2011, akiwa na miaka 18, alicheza Nike Hoop Summit huko Portland mbele ya maskauti wa NBA. Akapata pointi 12, ribaundi 11, akazuia mitupo 10. Mei 2016, senta mwenzake wa Toronto, Jonas Valančiūnas, akiwa majeruhi, aliinyakulia timu hiyo ribaundi 26 katika mchezo mmoja wa NBA. Cleveland ikalala 99-84.

Lakini mitupo huru ilimsumbua miaka yote, ikiingia kama nusu tu. Kwangu hilo linaeleza mengi. Ribaundi hutaka mwili na moyo, haikupi nafasi ya kuwaza. Mtupo huru unakupa muda wa kuogopa. Makocha wetu wawape vijana mitupo hiyo mwisho wa mazoezi, wakiwa wamechoka.