Lori Lisilo na Pua: Je, Lafaa Kuwa Nyumba ya Porini?

Askari wengi wameyajua malori ya jeshi kwa kuyapanda nyuma, wakiwa wamebanana mabenchini pamoja na silaha na mizigo yao. Si wengi waliopata kuwaza ya kwamba malori ya namna hiyo, yakisha kustaafishwa na majeshi ya Ulaya, hununuliwa na raia, nao huyavika nyumba ndogo yenye kitanda, jiko na tangi la maji, wakaenda nayo jangwani na msituni kwa miezi kadha wa kadha. Miongoni mwa watu hao umo ubishi usiokwisha. Je, lifaalo zaidi ni lori lenye pua, ambalo injini yake imetangulia mbele ya dereva, au ni lile la uso bapa, ambalo dereva amekalia injini na magurudumu ya mbele?

Sifa ya kwanza ya lori lisilo na pua ni nafasi. Boneti hula urefu wa mita nzima au zaidi, na urefu huo hauchukui godoro wala gunia la mchele. Waingereza walipotaka gari dogo la kuvuta mzinga wa milimita 105, walitengeneza Land Rover 101 Forward Control, iliyoundwa kati ya mwaka 1972 na 1978. Dereva alisogezwa mbele kabisa ili nyuma pabaki pa mizigo. Leo baadhi ya magari hayo yamekuwa nyumba za wasafiri. Hali kadhalika Mitsubishi Fuso Canter ya aina ya FG, yenye kusukuma kwa magurudumu yote manne, imependwa sana huko Australia kwa sababu ni fupi, hugeuka mahali pembamba, na dereva wake huiona ardhi karibu kabisa na bampa. Katika njia ya msituni yenye kona za ghafla, faida hiyo si ndogo.

Walakini mgongo wa dereva ndio unaolipa gharama. Akaaye juu ya ekseli ya mbele hupokea kila shimo na kila jiwe, kama mtoto aliyekalia ncha ya ubao wa bembea. Mwenzake wa lori lenye pua hukaa karibu na katikati, ambako ubao hautikisiki mno. Katika mteremko mkali mambo huzidi, maana dereva hujiona ananing'inia mbele ya gari lake mwenyewe. Tena kuna joto na kelele. Katika Land Rover 101, na katika Pinzgauer ya Austria, injini i baina ya viti, imefunikwa kwa kifuniko tu. Wajerumani, katika MAN KAT1 iliyoanza kutumika jeshini mwaka 1976, waliiweka injini nyuma ya kichwa. Dereva akapumua, ila nafasi ya nyumba ikapungua.

Jambo linalowasumbua wengi zaidi ni kuinua kichwa. Malori mengi ya uso bapa hayafunguki injini mpaka kichwa kizima kilazwe mbele. Mafundi wa gereji wamezoea, lakini aishiye humo hana budi kwanza kuondoa birika, ramani, vitabu na viatu, la sivyo vyote vitaangukia kioo. Akiwa amejenga kitanda kilichotokeza juu ya paa la kichwa, kichwa hakiinuki kamwe. Akitoboa tundu la kupitia kutoka kitini hadi nyumbani, lazima aliunge kwa mpira unaokunjika na kufunguliwa. Na mtu asithubutu kuinama chini ya kichwa kilichoinuliwa kabla chuma cha kukizuia hakijaingia mahali pake. Uzito ule hauna huruma.

Kwa wasomaji wa ukurasa huu lipo pia jambo la bomu la ardhini. Mahali pabaya kuliko pote, bomu likilipuka chini ya gurudumu, ni juu ya gurudumu hilo, na ndipo hasa kilipo kiti cha lori lisilo na pua. Msumbiji ilitangazwa mwaka 2015 kuwa imesafishwa mabomu yajulikanayo, lakini Angola kazi haijaisha. Msafiri wa huko hafai kuacha njia iliyokanyagwa, hata kwa kutafuta kivuli cha kupikia chai.

Kuhusu chesi hakuna ubaguzi wa pua. Chesi ya lori la porini imeundwa ijipinde, na nyumba iliyofungwa juu yake kwa boliti ngumu kila kona itapasuka; yafaa ikalie vishikio vitatu au vinne vyenye kucheza.

Kwa maoni yangu, mwenye familia na mizigo mingi achague uso bapa, bali mtu mmoja au wawili waendao mbali sana katika barabara mbovu watafurahia pua. Na kabla fundi hajachukua hata kipimo cha nyumba, mnunuzi alipakie lori hilo mifuko ya mchanga yenye uzito sawa na nyumba anayoikusudia, aliendeshe kutwa nzima katika barabara ya mawe, mkewe akiwa kiti cha pili, kisha alale, na asubuhi amwulize mkewe kama yu tayari kupanda tena.